Kujenga duka la data la mauzo, kuanzia swali la meneja hadi ripoti ya asubuhi

Katika kampuni moja ya jumla ya vifaa vya ujenzi niliyowahi kuifanyia kazi, mhasibu mkuu na meneja mauzo waliingia kikaoni wakiwa na tarakimu mbili tofauti za mauzo ya mwezi uleule. Hakuna aliyekosea hesabu. Mhasibu alikuwa ameondoa VAT na kupunguza bidhaa zilizorudishwa, ilhali meneja alijumlisha fedha zote zilizoandikwa kwenye risiti. Kikao kilichoitishwa ili kuamua kama tawi la Tunduma liongezewe mtaji kikaishia katika mabishano ya nani ana tarakimu sahihi. Duka la data hujengwa ili kikao cha namna hiyo kisijirudie, na mwongozo huu unafuata mfano huo wa mauzo ya vifaa vya ujenzi.

Ghala la data hukusanya kumbukumbu za taasisi nzima. Duka la data ni dogo zaidi: huchukua zile tu zinazohitajiwa na idara moja au aina moja ya maamuzi, na kuzipanga kwa namna ambayo mwenye swali atalijibu bila kumsumbua fundi. Huwekwa kando ya mfumo unaotoa risiti, kwa sababu swali zito la miaka 3 likiulizwa kwenye mfumo huo saa nne asubuhi, wateja watapanga foleni kaunta. Kuna mitazamo miwili ya wataalamu wa fani hii: wapo wanaofuata fikra za Bill Inmon, kwamba ghala kuu lijengwe kwanza na maduka yachote humo, na wapo wanaofuata za Ralph Kimball, kwamba maduka yajengwe moja baada ya jingine mradi yote yatumie majedwali yaleyale ya bidhaa, wateja na tarehe. Kwa kampuni yenye mafundi wawili, mimi huchagua njia ya pili, kwa kuwa mwenye kampuni huona matunda kabla subira yake haijaisha.

Anza na uamuzi

Usimuulize meneja anataka ripoti gani, maana atakutajia zile alizozizoea. Muulize ni uamuzi gani aliufanya mwezi uliopita, na ni kitu gani alikikosa alipoufanya. Majibu huwa ya maana: bidhaa ipi ipunguzwe stoo kabla ya masika, mteja yupi akatiwe mkopo, tawi lipi linauza sana lakini kwa faida ndogo. Maswali matano au sita ya namna hiyo yanatosha kuanzia.

Kisha andika tafsiri ya kila kipimo, na wakuu wa idara husika waisaini. Chukua risiti moja: mifuko 50 ya saruji kwa shilingi 17,700 kila mmoja, jumla 885,000. Kwa VAT ya asilimia 18, bei halisi ya mfuko ni 15,000, mauzo ni 750,000 na kodi ni 135,000. Siku tatu baadaye mteja akirudisha mifuko 5 iliyoganda, je, 75,000 itolewe kwenye mauzo ya siku ya kuuza au ya siku ya kurudisha? Mimi hupendekeza siku ya kurudisha, kwa mstari mpya wenye tarakimu hasi, ili ripoti iliyokwisha kusomwa isibadilike kimyakimya. Kampuni yako inaweza kuamua vinginevyo, lakini lazima iamue.

Mstari mmoja ni nini?

Hili ndilo swali la msingi kuliko yote, yaani kila mstari wa jedwali la mauzo unawakilisha kitu gani, nami sikubali kuunda jedwali lolote kabla halijajibiwa kwa sentensi moja. Katika mfano wetu jibu ni hili: mstari mmoja ni bidhaa moja ndani ya risiti moja. Ukichagua risiti nzima, hutajua ni saruji au mabati yaliyoleta faida. Ukichagua jumla ya siku, hutamjua mteja. Undani uliotupwa haurudi, ilhali kujumlisha ni kazi ya sekunde chache, na mistari milioni kadhaa hubebwa bila shida na hifadhidata ya bure kama PostgreSQL.

Jedwali hilo la mauzo, ambalo huitwa jedwali la matukio, hubeba idadi, thamani bila kodi, kodi yenyewe, punguzo na gharama ya kununulia. Kodi iandikwe kama ilivyotozwa siku ile, isikokotolewe upya kwa kanuni ya leo: Tanzania Bara ilitoza VAT ya asilimia 20 hadi mwaka 2009 ilipoishusha hadi 18. Asilimia ya faida usiihifadhi humo kabisa, kwa sababu asilimia hazijumlishiki. Ikokotoe mwishoni kutoka kwenye jumla za mauzo na gharama. Salio la stoo nalo lipate jedwali lake. Mifuko 400 ya Jumatatu na 380 ya Jumanne haifanyi mifuko 780, ingawa nimewahi kuiona dashibodi, yaani ukurasa wa muhtasari wa ripoti, ikidai hivyo.

Majedwali ya maelezo

Kulizunguka jedwali la matukio huwekwa majedwali ya maelezo, yaani bidhaa, mteja, tawi, muuzaji na tarehe, kila moja likiunganishwa nalo kwa ufunguo, yaani namba ya kipekee ya kila mstari, utakaoutengeneza mwenyewe. Usitegemee namba za mfumo wa mauzo, kwa kuwa mfumo ukibadilishwa namba hizo hubadilika nao. Kila jedwali liwe pia na mstari mmoja ulioandikwa “Haijulikani”, ili mauzo yasiyo na mteja yasipotee kwenye jumla.

Maelezo hubadilika, na hapo ndipo wengi huteleza. Tunduma ilikuwa mkoa wa Mbeya hadi mwaka 2016, mkoa wa Songwe ulipoanzishwa. Ukifuta “Mbeya” na kuandika “Songwe” juu yake, mauzo ya 2015 yataonekana kuwa ya mkoa ambao haukuwapo, na Mbeya itaonekana ilikuwa dhaifu siku zote. Ukiongeza mstari mpya wa tawi lilelile, wenye ufunguo mpya na tarehe ya kuanza kutumika, historia inabaki kama ilivyokuwa. Hata hivyo, meneja anayetaka kulinganisha miaka 10 kwa mipaka ya sasa ana haki yake. Muwekee safu mbili, mkoa wa wakati ule na mkoa wa leo. Kosa dogo la tahajia katika jina la mteja halistahili historia. Lisahihishe tu.

Jedwali la tarehe hudharauliwa kwa kuwa linaonekana rahisi, nalo ndilo huokoa ulinganisho. Liandikie mwaka wa fedha, sikukuu, msimu wa masika na wa vuli, na siku za Ramadhani, ambayo hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka. Mwaka 2023 mfungo ulifika nusu ya pili ya Aprili. Mwaka 2025 ulikuwa umekwisha mwezi huo ulipoanza. Anayelinganisha Aprili mbili hizo bila alama hiyo anaweza kumsifu meneja wa tawi kwa kazi ya kalenda.

Ukiwa kwenye tarehe, kagua saa ya seva, yaani kompyuta inayohifadhi data. Seva nyingi huhifadhi saa ya UTC, yaani saa ya rejea ya kimataifa, iliyo nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Lori lililopakia saa nane usiku wa kuamkia Julai 1 litaandikwa Juni 30, na kwa kampuni inayofunga hesabu Juni, huo ni mwaka mwingine wa fedha.

Kupakia na kuhakiki

Data ziteremke kwanza kwenye jedwali la mapokezi bila kuguswa, ndipo zisafishwe na kupelekwa dukani. Kwa kuwa matawi hukatikiwa intaneti na kutuma risiti kwa kuchelewa, upakiaji wa usiku usichukue siku moja pekee. Ufute siku 7 za mwisho na kuzipakia upya. Risiti iliyochelewa zaidi ya hapo itabaki nje, kwa hiyo mara moja kwa mwezi rudia siku 60. Kazi nzima ifanyike ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata, yaani ama yote ikamilike ama yote ifutwe, ili umeme ukikatika katikati data za zamani zibaki salama.

Kabla ripoti haijafunguliwa asubuhi, mashine ilinganishe idadi ya mistari na jumla ya thamani kwa kila tawi kati ya duka na mfumo wa mauzo. Tofauti ikizidi kiwango mlichokubaliana, ripoti ioneshe onyo kubwa juu kabisa. Aibu ya onyo hupita, lakini tarakimu mbovu ikishaingia kikaoni, watu hurudi kwenye mafaili yao ya Excel na kuwarejesha ni kazi ya miezi.

Namba za simu za wateja ziache nje ikiwa hakuna swali linalozihitaji. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya ina yake ya 2019, na nakala usiyokuwa nayo haiwezi kuvuja.

Kabla ya kukabidhi, endesha duka sambamba na ripoti za zamani kwa mwezi mmoja kamili wa kufunga hesabu. Kaa na mhasibu, chukueni tawi moja na siku moja, mfuatilie kila shilingi ya tofauti hadi kwenye risiti yenyewe. Mkimaliza, karatasi ya tafsiri za vipimo iwekwe mahali ripoti inapofunguliwa, ikiwa na jina la mtu mmoja wa kupigiwa simu tarakimu zisipolingana.