Jinsi ya kucheza Commander watu wanne bila kununiana

Wakuu habari za jioni, naandika nikiwa barazani hapa Shangani, Mtwara, umeme umekatika na wenzangu bado hawajafika. Mwaka jana meza yetu ya Magic, ule mchezo wa karata za kupigana, ilikuwa inavunjika karibu kila wiki, watu wazima wenye familia zao wananuniana kisa karata, yaani mtu anakukuta sokoni anapita upande wa pili. Sasa hivi tumetulia, ngoja niwaambie tunafanyaje.

Kwa ambaye hajawahi, Commander ni Magic ya deki ya kadi 100, hakuna kadi kurudiwa isipokuwa zile ardhi za kawaida, yaani kadi zinazokupa mana, nguvu ya kulipia kadi nyingine, kila mtu anaanza na uhai 40 na ana kamanda wake mezani, yaani kadi inayoongoza deki yake. Kamanda mmoja akikupiga jumla ya 21 kwenye mapigano umetoka hata kama uhai bado unao mwingi. Ni mchezo ambao wachezaji wenyewe waliutunga, Wizards of the Coast wenye Magic yao wakaja kutoa deki zake za dukani mwaka 2011. Mnacheza wanne kwa kujifurahisha, na hapo kwenye kujifurahisha ndo kesi zote zinapoanzia.

Kabla hamjachanga karata kila mtu aseme deki yake inamalizaje na huwa inamaliza zamu ya ngapi. Jibu la "ya kawaida tu" msilikubali kabisa. Tulikuwa na mshikaji anakuja na bajaji kutoka Mikindani, kila siku deki yake ya kawaida tu, tunagawa, tunaanza, zamu ya nne kashaunganisha kadi mbili zinazungushana bila mwisho tumekufa wote watatu na mkate wa kumimina bado wa moto kwenye sahani. Tukamrukia kwamba muongo, ila nikifikiria vizuri hakudanganya, kwake ile ndo kawaida, alijifunzia kwa watu wanaocheza hivyo. Ndo maana uliza zamu ya ngapi, usiulize kali au sio kali. Mwaka 2025 Wizards wameleta madaraja matano ya deki, na orodha ya kadi wanazoziita Game Changers, daraja la 1 na la 2 huweki hata moja, la 3 mwisho tatu. Inasaidia kuanzisha mazungumzo, lakini kuna watu wanayasoma yale madaraja kama mawakili, kadi zote halali na bado deki inakuchinja, so swali la zamu lipo palepale.

La pili ndo linaloumiza kuliko yote, kutolewa mapema. Nishawahi kutoka dakika ya ishirini nikakaa naangalia wenzangu masaa mawili, nimeosha vyombo vya watu, nimechaji simu, nimerudi wanabishana bado. Wengine dawa yao ni kukataza kushambulia mapema, mi siafiki, meza ambayo hamna anayeshambulia inafika adhana ya isha kila mtu kajenga ukuta tu. Sisi tukimtoa mtu mapema waliobaki wana mizunguko mitatu, isipoisha tunahesabu sare tunachanga upya. Watu wanalalamika ila wanacheza.

Halafu muda. Fikiria zamu yako wakati mwenzio anacheza, sio ukishafikiwa ndo unaanza kusoma kadi kama barua ya mahakama. Na kama una Rhystic Study mezani, ile ambayo kila mpinzani akicheza kadi isiyo ardhi alipe mana moja la sivyo wewe unavuta kadi, uliza "unalipa?" mara moja kwa sauti na umsubiri ajibu. Ukisahau kuuliza imepita, usirudishe meza nyuma zamu mbili.

Siasa sasa. Kuungana kupo na ndo utamu wenyewe, ila ahadi iwe ya zamu moja na isemwe mbele ya wote. Sisi tuna mtu na shemeji yake, mwezi mzima hawagusani, ukimuuliza anakwambia dada yake atamuuliza nyumbani. Tukaweka dadu, ukiwa na wapinzani wawili wanaolingana dadu ndo inachagua nani apigwe, basi lawama zikaisha maana nani atamnunia dadu. Na anayekufa asimwage vitu vyake vyote ili fulani ashinde kwa hasira tu, hiyo tulikubaliana ni mwiko, ukifanya ndo unaenda kununua pweza.

Vitu vidogo vidogo: kama huna hela ya kadi halisi, chapisha steshenari uingize kwenye mfuko wa plastiki mbele ya kadi ya bei rahisi, kwa marafiki hamna shida, waambie tu mapema. Barazani weka kitu kizito juu ya deki maana upepo wa bahari hauna adabu. Na msimu wa korosho usithubutu kutumia maganda yake kuhesabia, yana mafuta yanaunguza ngozi na kadi zinachafuka moja kwa moja, nina ardhi mbili zina madoa ya kahawia mpaka leo. Chukua komwe za bao. Zetu zilikuwa 64, nimehesabu sasa hivi kwa tochi ya simu zipo 58, na mtoto wa jirani ananiangalia tu anacheka.