Somo: kufuatilia akses pointi kwa SNMP bila grafu kuchanganyika stima ikipotea

SNMP ni njia ya kuuliza vifaa vya mtandao hali na takwimu zao. Chukua hosteli ya orofa nne hapa Kisumu, akses pointi 16 (vifaa vya kurusha Wi-Fi), zote zinapewa IP, yaani anwani ya mtandao, na DHCP, huduma ya rauta inayogawa anwani hizo. Stima inapotea jioni, inarudi, na rauta iliyosahau orodha yake inagawa IP upya. Asubuhi grafu ya orofa ya tatu inaonyesha trafiki ya mapokezi. Hakuna kilichoungua, ni programu ya grafu iliyofanya IP kuwa jina la kifaa. IP ni njia ya kukifikia kifaa tu.

Hatua ya 1. Washa SNMPv3, mtumiaji wa kusoma peke yake, na bandari ya UDP 161 ifunguliwe kwa seva yako tu. Toleo la v2c hupitisha neno la siri wazi kwenye waya. Jaribu:

`snmpget -v3 -l authPriv -u msomaji -a SHA -A 'neno-la-kwanza' -x AES -X 'neno-la-pili' 10.20.0.31 1.3.6.1.2.1.1.5.0`

Namba ndefu ya mwisho ni OID, anwani ya taarifa unayoiuliza. Jibu ni jina la kifaa. Maneno ya siri yasipungue herufi 8, la sivyo amri yenyewe itayakataa.

Hatua ya 2. Hapa ndipo wengi huteleza. Kifaa kitambuliwe kwa kitu kisichobadilika. Soma namba ya siriali kwenye 1.3.6.1.2.1.47.1.1.1.1.11. Akses pointi nyingi ndogo hazina jedwali hilo. Basi chukua MAC (namba ya utambulisho ya mlango wa mtandao) ya mlango wa kebo kutoka 1.3.6.1.2.1.2.2.1.6. Usichukue ya redio, kwa sababu kila jina la Wi-Fi unaloongeza huwa na MAC yake.

Kisha iandike kwa mtindo mmoja. Seva yenye faili za MIB (kamusi ya OID) itakuonyesha `0:1a:2b:3c:4d:e0`, sifuri ya mbele imeliwa. Isiyo nazo itaonyesha `00 1A 2B 3C 4D E0`. Kifaa ni kile kile, lakini skripti inayolinganisha maandishi itasajili viwili. Hifadhi `001a2b3c4de0`, basi.

Hatua ya 3. Mahali pawe na msimbo wake, mfano KSM-3-02, kando na kifaa. Radi ikiua akses pointi (na huku kwetu radi haibishi hodi), unafunga MAC ya zamani kwa tarehe na kuunganisha mpya kwa msimbo ule ule. Historia ya chumba inaendelea.

Hatua ya 4. Milango itambue kwa ifName, jina la mlango (1.3.6.1.2.1.31.1.1.1.1), kwa maana ifIndex, namba ya mlango, inaweza kubadilika kifaa kikiwaka upya. Trafiki isome kwenye kaunta za biti 64: inayoingia 1.3.6.1.2.1.31.1.1.1.6, inayotoka .10 badala ya .6 ya mwisho. Kaunta ya biti 32 kwenye mlango wa Gb 1 uliojaa huzunguka (hujaa na kurudi sifuri) kila sekunde 34 hivi; ukisoma kila dakika 5 unapata takataka.

MASWALI

Nakuru: Asante kwa somo, mkuu. Mbona kila stima ikirudi grafu yangu inaruka juu kama mnara?

Jibu: Kaunta imeanza sifuri, na programu inadhani imezunguka. Soma pia sysUpTime, muda tangu kifaa kiwake, 1.3.6.1.2.1.1.3.0, katika ombi lile lile. Ikiwa imeshuka kuliko mara iliyopita, tupa kipimo hicho kimoja. Nayo huzunguka baada ya siku 497, kwa hiyo kifaa kisichowahi kuzimwa kitakudanganya mara moja kila mzunguko.

Kakamega: Fundi, akses pointi zangu ziko chini ya kontrola ya Cisco (kifaa kimoja kinachoziendesha zote), zenyewe hazijibu SNMP.

Jibu: Uliza kontrola. Majina yako 1.3.6.1.4.1.14179.2.2.1.1.3, hali iko .6 badala ya .3, na 1 maana yake imeunganishwa. Namba sita za mwisho wa kila OID ndizo MAC kwa desimali: kwa mfano, 0.26.43.60.77.224 huandikwa 001a2b3c4de0. Tahadhari, hiyo ni MAC ya redio, ndiyo kontrola hutumia kama ufunguo. Iweke safu ya pili, usiichanganye na ya kebo.

Busia: Swichi ikizima napata SMS 16 usiku wa manane.

Jibu: Iandikishe swichi ya PoE (inayopitisha umeme kwenye kebo ya mtandao) kama mzazi wa akses pointi zake, mzazi akikosekana, watoto wanyamaze. Na usitume chochote kabla ya kukosa majibu mara 3 mfululizo: ujumbe wa UDP hupotea njiani, na akses pointi huchukua dakika kadhaa kuwaka.