Kuiwezesha Seva ya ZFS Kubadilisha Diski Iliyokufa Bila Kungoja Fundi

Katika RAIDZ1, mpangilio wa ZFS (mfumo wa kuhifadhi data) unaounganisha diski kadhaa na kuhimili kufa kwa diski moja tu, diski moja ikifa usiku wa manane, hifadhi nzima hubaki bila kinga hadi mtu afike kuibadilisha, na diski ya pili ikifuata kabla ya hapo, data imekwenda. Mwongozo huu ni wa seva ya Debian au Ubuntu yenye OpenZFS, toleo huria la ZFS. Hifadhi ya mfano nimeiita ghala.

Hatua ya 1: Yape majina matundu ya seva ambamo diski huchomekwa. Hatua hii naisisitiza kuliko zote. Majina kama sda na sdb yanaweza kubadilika seva inapowashwa upya, na nimewahi kushuhudia fundi akichomoa diski isiyo na hitilafu na kuiacha ile mbovu mahali pake. Linganisha namba ya utambulisho (serial number) iliyochapwa kwenye kibandiko cha kila diski na ile inayotolewa na amri ya smartctl -i, kisha tafuta njia ya tundu lake ndani ya /dev/disk/by-path na uiandike katika /etc/zfs/vdev_id.conf, mstari mmoja kwa kila tundu:

alias tundu1 pci-0000:00:17.0-ata-1

Bandika jina hilohilo kwenye kasha la seva. Baada ya hapo, huduma zinazotumia hifadhi zikiwa zimesimamishwa, ifungue upya kwa majina mapya:

udevadm trigger
zpool export ghala
zpool import -d /dev/disk/by-vdev ghala

Hatua ya 2: Ongeza diski ya akiba, ambayo ujazo wake usiwe mdogo kuliko wa diski itakayoziba pengo lake.

zpool add ghala spare tundu6

Hatua ya 3: Washa mlinzi wa matukio, ZED, kwani ndiye anayeiingiza akiba kazini. Katika /etc/zfs/zed.d/zed.rc jaza ZED_EMAIL_ADDR ili upate barua pepe, kisha:

systemctl enable --now zfs-zed

Hatua ya 4: Ruhusu ubadilishaji wa papo hapo.

zpool set autoreplace=on ghala

Kuanzia sasa, diski mpya itakayochomekwa katika tundu la ile iliyokufa itafutwa na kuandikwa upya bila wewe kuulizwa. Kwa hiyo usichomeke humo diski yenye data unayoihitaji, hata kwa dakika moja.

Hatua ya 5: Fanya jaribio, ukiwa na nakala ya data mahali pengine. Amri ifuatayo huitangaza diski kuwa mbovu kwa makusudi:

zpool offline -f ghala tundu2

Tazama zpool status: tundu2 isomeke FAULTED (mbovu), tundu6 isomeke INUSE (inatumika), na ujenzi upya wa data uwe umeanza. Subiri ukamilike, uirudishe diski kwa zpool clear ghala tundu2, kisha uiondoe akiba kwa zpool detach ghala tundu6 ikiwa haijarudi yenyewe katika hali ya AVAIL (iko tayari kutumika). Ikiwa barua pepe haikufika, rudi kwenye hatua ya 3 kabla ya kuikabidhi seva kwa watumiaji.