Somo: ruta mpya ya laini, waifai ifike mpaka chumba cha nyuma

Assalaam alaykum jamaa. Siku hizi watu wengi Unguja na Pemba wananunua ruta za laini (zile za kutia laini ya simu zikatoa waifai), siku ya pili tu utawasikia chumbani haifiki, bando wizi mtupu. Kabla hujairudisha dukani jua kuna njia mbili hapo, ya mnara mpaka ruta, na ya ruta mpaka simu yako. Kila moja na dawa yake.

Hatua ya 1. Kaa karibu na ruta kabisa, pima spidi. Ikiwa hapo hapo inajivuta basi tatizo ni mnara au bando, usihangaike na kuta. Ikiwa hapo inakwenda vizuri halafu chumbani inakufa, ruka hatua ya 2, nenda ya 3.

Hatua ya 2, upande wa mnara. Zungusha ruta dirisha hadi dirisha, ghorofani ni bora kuliko chini. Usitegemee vile vijistari vya taa, ingia kwenye ukurasa wa ruta (anuani ipo kwenye kibandiko chini yake, nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.8.1) utafute palipoandikwa RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara yanayofika kwenye ruta. Ni namba ya hasi na kila ikikaribia sifuri ndo nzuri, -80 safi sana, -100 inavumilika, -115 hapo hama dirisha. Ukihamisha ngoja dakika mbili ndo usome.

Hatua ya 3 ndo yenye kazi, hasa kwa wa Mji Mkongwe. Kuta zile za mawe na chokaa nyengine zinafika nusu mita na zaidi, waifai haipenyi hata ununue ruta ya bei gani, kwa hiyo usishindane na ukuta, fuata milango. Mawimbi yanatoka kwenye ruta kama mwanga wa taa, panapofika mwanga kwa mlango wazi na yenyewe yanafika. Nyumba yenye ua katikati una bahati, weka ruta dirisha linalotazama uani na vyumba vyote vya kuzunguka ua vitapata, ila isinyeshewe. Iweke juu, usawa wa kichwa hivi au zaidi, mbali na friji, kioo kikubwa na tangi la maji, maana bati na maji vyote vinazuia mawimbi. Na jamani kile kitambaa cha kufuma mnachoifunika kitoeni, joto letu hili linaichosha ruta mpaka inaanza kukata kata.

Hatua ya 4. Ruta nyingi zina waifai mbili, 2.4 GHz inafika mbali lakini taratibu, 5 GHz ina mbio lakini ukuta mmoja tu imechoka. TV iliyo karibu ipe ya 5, chumba cha nyuma kipe ya 2.4. Wa fleti za Michenzani mna majirani juu chini kulia kushoto wote na ruta, ingia ukurasa wa ruta, kwenye 2.4 chagua chaneli (njia ya mawimbi) 1, 6 au 11 tu, ile yenye watu wachache, na upana wa chaneli weka 20 MHz.

Hatua ya 5, badilisha paswedi, ya waifai na ya ukurasa wa ruta. Basi.

MASUALI

Suali: Kaka mie nipo Fuoni nyumba ya ghorofa, ruta ipo chini, juu watoto wanasoma haifiki, ninunue ekstenda?
Jawabu: Ukhti anza na antena kwanza. Ikisimama wima inatoa mawimbi ubavuni, siyo juu, kwa hiyo moja iache wima nyengine ilaze. Ikishindikana nunua ekstenda (kile kifaa kinachopokea waifai na kuirusha tena) lakini iweke njiani kwenye ngazi ambapo waifai bado nzuri, ukiiweka kwenye chumba kilichokufa itarudia huo huo ubovu. Ukiweza kuvuta kebo mpaka juu ni bora zaidi, maana ekstenda za kawaida zinakula kama nusu ya spidi.

Suali: Ruta yangu inaonesha waifai imeandikwa 5G lakini boksi linasema 4G, nimetapeliwa?
Jawabu: Hapana sheikh, ile 5G ya kwenye jina la waifai ni ile 5 GHz ya hatua ya 4. Mtandao wa mnara ndo 4G kama boksi linavyosema.

Suali: Huku Chake umeme ukikatika na intaneti imekwenda, kuna njia?
Jawabu: Ipo, kuna yuu pi es (UPS, betri ya akiba) ndogo za ruta. Soma kwenye chaja ya ruta volti ngapi, zipo za 5, 9 na 12, nunua inayotoa volti hizo hizo, na ampea zisipungue zilizoandikwa kwenye chaja. Ukiichomekea ya volti 12 kwenye ruta ya 5 utaiunguza.