Namna ya Kumsimulia Binti Mkulima Aliyemshinda Mfalme

Unapowasimulia watoto wa Bombo hadithi hii ya Ujerumani, anza kwa "Paukwa", usubiri "Pakawa", kisha utaje sharti la mfalme ili amwoe binti: aje bila nguo lakini asiwe uchi, asipande mnyama wala gari, asipite njiani wala nje ya njia. Hapo nyamaza wabishane, na hata atakayependekeza bodaboda asikilizwe, kwa kuwa utamu wote umo katika kukisia. Ndipo umlete binti amejiviringisha wavu wa kuvulia samaki, akikokotwa na punda ndani ya mfuo wa gurudumu, kidole gumba cha mguu tu kikigusa ardhi. Harusi ipitie haraka. Baadaye mfalme anapomfukuza na kumruhusu achukue kitu kimoja akipendacho, humlaza mfalme kwa dawa ya usingizi, akamchukua yeye.