Kabla Hujaikimbiza Diski kwa Fundi

Diski ya nje ikikataa kufunguka kwenye Ubuntu, mfumo wa kompyuta wa familia ya Linux, wengi hulaumu Ubuntu kwanza, kisha hupanda matatu kwenda mjini kutafuta fundi. Vyote viwili vinaweza kungoja. Anza na haya.

Chomoa diski, ngoja kidogo, chomeka upande wa pili wa laptopu. Usipitishie kwenye kigawanyio cha USB. Chomeka chaja ya laptopu pia. Tundu la zamani la USB 2 hutoa miliampea 500, la USB 3 hutoa 900, na diski ya kuzunguka ikikosa nguvu ya kuanza huwasha taa, hujaribu, halafu huzima. Hilo si kufa.

Kisha badilisha waya. Hapa usiruke.

Kuna kijana anayepiga video za harusi na matanga, leo Kisumu, kesho Siaya, na kazi yote huihariri kwenye Linux. Diski yake ilianza mchezo wa kuonekana na kupotea. Taa inawaka, folda zinatokea, akianza kunakili zinatoweka. Jioni moja ikagoma kabisa. Familia ilikuwa inadai video ya mazishi na simu hazikatiki, basi akaikimbiza kwa fundi wa simu aliyekuwa karibu. Fundi hakuuliza swali hata moja. Alitoa bisibisi, akabandua ganda la plastiki, na alipokosa cha kurekebisha akaendelea hadi kifuniko cha chuma cha diski yenyewe, skrubu amezipanga kwenye kifuniko cha mkebe wa majarini, feni inapuliza vumbi la barabara ndani ya kibanda. Kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani inayozunguka ndani ya diski kwa nanomita chache tu. Vumbi likishaingia hapo, kilichobaki ni bahati, na bahati haikuwepo.

Baadaye alinunua diski mpya, akaichomeka kwa waya uleule wa zamani. Mambo yakawa yaleyale: taa, folda, kimya. Aliponiletea, niliigusa ile ncha pana inayoingia kwenye diski, nikaona inacheza kama jino bovu. Nikachungulia ujumbe wa mfumo: `device descriptor read/64, error -71`, ukijirudia. Hiyo -71 maana yake mazungumzo kati ya laptopu na kifaa yanavurugika njiani, na mshukiwa wa kwanza ni waya. Tukaazima waya mwingine kwa jirani, diski ikafunguka papo hapo. Video ya yule marehemu haikupatikana tena, na mpaka leo hakuna anayejua kama ile diski ya kwanza ilikuwa na ugonjwa wowote.

Kwa hivyo iulize kompyuta yenyewe kabla ya kumuuliza mtu. Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, andika `sudo dmesg -w`, ndipo uchomeke diski huku ukisoma kinachoandikwa. Kisipoandikwa chochote, huenda shida ni waya, tundu au umeme. Ukiona `I/O error`, yaani makosa ya kusoma na kuandika, zinamiminika, diski inaumwa kweli: usiifanyie ukarabati wowote, itolee nakala kwanza kwa `ddrescue`, programu ya kuokoa data, kwenda diski nyingine. Ikitambuliwa vizuri, endesha `lsblk -f` uone imefomatiwa vipi.

Ikiwa ni NTFS, mpangilio wa faili wa Windows, na inakataa, au inafunguka kwa kusoma tu, jiulize ilitoka wapi. Windows tangu toleo la 8 ina mtindo wa kuzima nusunusu ili iwake haraka, na diski iliyoachwa humo hubaki na alama kwamba kazi haijaisha. Linux ikiona alama hiyo husita, na inafanya vyema kusita. Irudishe kwenye ile Windows, iachie `chkdsk`, programu ya Windows ya kukagua diski, kazi, kisha uizime kompyuta huku umeshikilia Shift. `ntfsfix` ya Linux ipo, lakini hiyo hufuta alama na kurekebisha machache tu, haiponyi kila kitu.

Kinyume chake pia kipo. Diski ya ext4, mpangilio wa faili wa Linux, ukiichomeka kwenye Windows ya saiba, itakuomba ruhusa ya kuifomati. Mwambie mhudumu akatae. Hakuna kilichoharibika, Windows haiisomi tu. Kama unatembea na diski kati ya mifumo miwili, ifomati kwa exFAT, inayosomwa na yote miwili. FAT32, mpangilio wa zamani, haibebi faili moja linalofika gigabaiti 4, na video ya harusi hufika huko kabla maharusi hawajakata keki.

Usichomoe eti kwa sababu mstari wa kunakili umefika mwisho. Data nyingine huwa bado iko kwenye kumbukumbu ya laptopu, haijaandikwa. Bofya kitufe cha kuitoa, ngoja uambiwe ni salama.

Na kabla ya kuandika amri yoyote inayotaja `/dev/sdb`, jina ambalo Linux huipa diski, soma upya `lsblk`. Jina hilo halina mwenyewe. Leo ni diski, kesho ukitangulia kuchomeka flashi litakuwa la flashi. Diski ikizunguka usiihamishe, usiiweke juu ya kitanda. Ikianza kugongagonga, izime. Kazi ya mteja iwe sehemu mbili kabla hujafuta kadi ya kamera. Diski uliyoifunga kwa nenosiri, hilo nenosiri liandike mahali pasipo kwenye diski hiyohiyo. Na flashi ya bei ya kutupa yenye ukubwa wa ajabu, ipime kwanza kwa `f3`, programu inayoonyesha ukubwa wake wa kweli.