Chumvi ya jikoni kwa kutu ya behewa la modeli

Ukitaka behewa la reli ya modeli lionekane limeliwa na kutu kweli, tumia chumvi. Paka kwanza rangi ya kahawia ya kutu, iache mpaka kesho yake ikauke kabisa. Lowesha pale maji yanapotuama kwenye behewa halisi (chini ya milango, kwenye pembe), nyunyiza chumvi, isubiri ishike. Pulizia rangi ya juu. Ikikauka, sugua taratibu kwa mswaki wenye maji. Punje zilikuwa zimeifunika ile kahawia, kwa hiyo zikitoka unaona kingo zilizochanika kama rangi iliyobanduka yenyewe. Changanya chumvi laini na ya mawe, la sivyo vidoa vitafanana kama vipele. Rangi ya juu usiipake kwa brashi: itazoa chumvi yote.